Swali Uliloniuliza Mlangoni mwa Kanisa

Kwa Kwamboka wangu,

Salamu za mbali sina, kwa maana uko chumba cha pili na binamu zako, nawasikia mkicheka na kugombania tepu ya kufungia maboksi. Mvua ya saa tisa imeanza, kama kawaida yake hapa Nyakoe. Nimejifungia nikiwaambia nina nguo ya mteja ya kumalizia. Hakuna nguo. Cherehani nimeifunika, nimechukua daftari lako la bayolojia la kidato cha tatu lenye kurasa zilizobaki, na humo ndimo ninamokuandikia.

Unajua mimi si mtu wa barua. Na utashangaa mbona Kiswahili, wakati mimi na wewe tukiwa wawili ni Ekegusii tu. Kwa Ekegusii mimi najua kugombeza, kuomba na kupatana bei. Mambo ya kueleza kwa utaratibu nilifundishwa shuleni, kwa Kiswahili na kwa kiboko. Tena nataka Ochieng aisome naye akitaka, maana mume wako alikuwa amesimama kule mbele akisubiri, na yeye pia alidanganywa.

Mambo ya sufuria sitakuandikia. Dada zangu wamekufundisha hayo tangu Jumapili mpaka nikakuona unasinzia ukiwa umeketi. Lodwar mtafika kesho, joto mtalizoea, maji mtajua yanapopatikana. Mimi nina jambo moja tu, na nitalisema hapa mwanzoni kabla sijapata nafasi ya kulizunguka.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, ukiwa umevaa gauni, uliniuliza mbele ya watu, "Mama, ulikubali?" Nikakujibu, "Hapana. Sikukubali kitu." Kwamboka, nilikubali. Mchungaji alisema kweli. Aliyesema uongo ni mimi.

Haya, limetoka. Nimeinuka kidogo nikanywa maji. Hujui nilivyolibeba tangu siku ile, huku nikicheka na wageni na kupokea pongezi ambazo hazikuwa zangu. Sasa nikueleze lilivyoanza.

Wiki tatu kabla ya harusi Mchungaji alinipigia simu nipite ofisini. Nilidhani ni habari ya mapambo, nikabeba hata kipande cha kitambaa cha kumwonyesha. Nikamkuta na ile fomu yenu ya ndoa mezani. Unamjua, si mtu wa kupayuka, anakuambia neno zito kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chai.

"Mama Kwamboka, hapa pa mzazi wa kumkabidhi bibi arusi umejiandika wewe."

"Ndio, Mchungaji. Mzazi ni mimi."

Akakohoa. "Kanisa halina neno na wewe. Unatushonea, unaimba, unafagia. Lakini mwanamke ambaye hakukabidhiwa kwa mume hawezi kumkabidhi mwingine. Tumwandike kaka yako. Na siku hiyo wewe utaketi benchi la tatu, upande wa wageni. Mbele wataketi wazazi waliofunga ndoa, isije ikawa mfano mbaya kwa wasichana wetu."

Najua ungependa kusikia kwamba nilipiga meza. Nilisema, "Sawa, Mchungaji." Nikaomba kalamu, maana yangu ilikuwa imeisha wino, nikafuta jina langu, nikamwandika mjomba wako Nyakundi, nikatia sahihi pembeni. Kisha nikamshukuru. Aki, Kwamboka, nilimshukuru! Nilimwambia asante kwa kunieleza vizuri, nikatoka na kitambaa changu mkononi bila hata kukikunjua.

Utauliza kwa nini. La kwanza ni woga, halina siri. Unamkumbuka yule msichana ambaye Mchungaji alikataa kumfungisha ndoa, akaambiwa Alhamisi na harusi ni Jumamosi, hema zimeshasimama kwao? Kosa lake lilikuwa kubishana naye. Nikajisemea, Moraa, nyamaza, harusi si yako, ni ya mtoto. Utaketi huko nyuma kwa saa mbili, utarudi nyumbani, litaisha. Watu wamevumilia makubwa kuliko benchi.

Lakini woga peke yake haumfanyi mtu ashukuru. Kuna kingine, na hicho ndicho kinachoniuma kukuandikia: nilimwamini. Aliposema sistahili, ndani yangu kuna kitu kiliitikia "amina."

Baba yako unajua habari zake, sirudii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasomea ushonaji Nyamira, na nilipoanza kuonekana tumbo yeye alikuwa ameshahama. Babu yako hakunifukuza, ila mwaka mzima hakuniita kwa jina. Ulipozaliwa nilikupeleka kanisani ubarikiwe kama watoto wengine. Mchungaji wa wakati ule, siye huyu, akasema Jumapili mbele ya watu haiwezekani, nije Jumatano, nipitie mlango wa nyuma wa ofisi. Nikaja, wewe nimekufunga kwa shali ya manjano. Akakuombea dakika mbili huku anatafuta funguo za pikipiki yake. Nami nikarudi nyumbani nikisema, angalau. Hilo neno angalau, mwanangu, nimelila kama ugali miaka ishirini na sita.

Kisha nikawa fundi wa magauni, na hapo ndipo pabaya zaidi. Umekulia kwenye vipande vya satini kwa hiyo unadhani unaijua kazi yangu yote. Kuna sehemu hukuijua. Kanisani kwetu kuna harusi, na kuna kubariki ndoa. Bibi arusi akiwa ana mtoto, ama ameshahamia kwa mwanamume, huyo hana harusi, anabarikiwa. Hapewi gauni jeupe, havai shela kichwani, wasimamizi wake hawatembei mbele yake. Bwana arusi je? Ai, bwana arusi anavaa suti yake na ua lake kifuani, hakuna anayemuuliza mtoto alitoka wapi.

Mchungaji huyu, tangu aje miaka kumi na miwili sasa, alikuwa ananipigia simu. "Mama Kwamboka, yule wa Birongo asiwe na shela. Na nguo iwe rangi ya krimu." Nami naandika kwenye kitabu cha vipimo: kifua, kiuno, urefu, hakuna shela. Wakija dukani mimi ndiye ninayewaambia. Yeye hakuwahi kuyaona machozi yao, aliyekuwa anayaona ni mimi. Nilikuwa askari wake, na nilijiona mtu wa maana.

Huyo wa Birongo anaitwa Bosibori, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na msichana wa miaka miwili. Nilikuwa nampima akaiona shela moja imetundikwa ukutani. Akaishika kwa vidole viwili tu, kama anaogopa kuichafua. Akaniuliza, "Mama, hata fupi? Hata ya kufika mabegani?" Na mimi, pini mdomoni, nikamjibu, "Dada, hayo ungeyafikiria mapema."

Mimi! Wewe ulikuwa pale pale mezani unafanya hesabu, ulikuwa kidato cha pili. Uliinua macho ukanitazama, kisha ukarudi kwenye hesabu zako. Sijui kama unakumbuka. Mimi sijasahau, na Mungu anajua sikuweza kukutazama jioni ile nikikupakulia chakula.

Sasa umeelewa kwa nini nilisema sawa. Mtu ambaye amewaambia wenzake miaka kumi na miwili kwamba hawastahili, akiambiwa yeye atasema nini? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zenyewe nilikuwa nazishona.

Kutoka ofisini ningeweza kuja kukuambia. Sikukuambia. Nilikudanganya kwamba mjomba atakushika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Nilipanga siku ile nitajifanya nimechelewa, kwamba kuna kishikizo nakitafuta, na wewe kwa furaha hutaona nani yuko wapi. Ndivyo nilivyokufahamu vibaya. Wewe tangu mdogo hukuwahi kuhesabu watu wa nyumbani ukakosea, na wa kwako ulikuwa na mmoja tu.

Jumamosi niliingia kanisani mapema, nikaketi benchi la tatu upande wa wageni na ile nguo ya kijivu ninayoendea matanga. Uliponiuliza baadaye mbona sikuvaa ile ya zambarau niliyojishonea, nikasema imenibana. Haikunibana hata kidogo, ilinikaa vizuri sana. Niliona tu mtu wa huko nyuma hana haja ya zambarau.

Akaja akaketi kando yangu shangazi yake Ochieng, yule mama mnene wa kutoka ziwani mwenye kofia kubwa. Tulikuwa hatujajuana. Akanisalimia, akaniuliza kwa upole, "Wewe mama ni mgeni wa upande gani?"

"Wa bibi arusi."

"Oh! Unamjua bibi arusi?"

Nikasema, "Kidogo."

Nimekuandikia hilo na nimelia, na sasa hivi ninacheka. Kidogo! Mtoto niliyemnyonyesha nikikanyaga cherehani. Kama kuna siku nilijikana mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, ni pale kwa shangazi wa watu.

Kwaya wakaimba wimbo wa kuingia. Wakaurudia. Wakaurudia mara ya tatu, sauti sasa zinaanza kuchoka, watu wakageuza shingo. Msichana mmoja wa kukaribisha wageni akaja mbio kwa Mchungaji akamnong'oneza, na hata kabla sijasikia nilijua. Bibi arusi amegoma mlangoni. Mchungaji akashuka, akapita kando yangu bila kunitazama. Dakika moja ikapita, nikasikia jina langu linaitwa kutoka nyuma. Nilipoinuka yule shangazi akanishika mkono, "Eh! Kumbe wewe ndiye mama!"

Mengine uliyaona mwenyewe. Mjomba wako jasho linamtiririka ndani ya lile koti lake kubwa, anakuvuta mkono wa gauni, "Twende mama, twende, watu wanangoja." Wewe umesimama wima. Mpiga picha ameshusha kamera. Na Mchungaji anakuambia kwa ile sauti ya chai, "Binti yangu, mama yako tulikubaliana naye. Hata ametia sahihi."

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi, ukaniuliza. Nami nikasema hapana.

Nataka ujue uongo ule ulitoka vipi, maana watu wa hapa wameshaufanya ushujaa. Haukuwa ushujaa. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kumwambia anayenitazama kile anachotaka kusikia. Ofisini aliyenitazama ni Mchungaji, nikampa jibu lake. Mlangoni aliyenitazama ni wewe, nikakupa lako. Ni ugonjwa ule ule, siku hiyo uliangukia upande wenye vigelegele.

Ukanishika mkono. Mjomba wako akasema "Asante Yesu" na kwenda kutafuta kiti. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka kwaya wakasahau wimbo, na Ochieng kule mbele akawa anajifuta macho kwa ile leso ya mapambo iliyokuwa imeshonewa mfukoni, hata ikang'oka. Sitakudanganya tena: nilifurahi. Nilitembea na nguo yangu ya matanga katikati ya kanisa lile nikiwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo. Nilikukabidhi mimi, kwa mkono wangu. Hilo hakuna atakayelifuta, na hata leo ninapokiri haya yote, silijutii.

Ila niliona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa kuwa ulikuwa unatazama mbele. Fomu ilikuwa mezani kwa Mchungaji, hatua ishirini kutoka pale. Angemtuma mtu mmoja tu, ingeletwa na sahihi yangu juu yake, na mimi ningekuwa mahali pagumu. Hakumtuma mtu. Akasogea kando, akauzuia mlango kwa mguu wake ili gauni lako lisinaswe.

Tangu siku hiyo sokoni sipiti bila kusimamishwa. "Moraa, umemkomesha!" "Moraa, tulikuwa tunakungoja!" Ilikuwa tamu Jumamosi, ilikuwa tamu Jumapili. Jumatatu asubuhi mwenyekiti wa akina mama akaja dukani na barua ya kupeleka kwa wakubwa wa kanisa, kwamba mchungaji wetu ahamishwe kwa sababu amesema uongo mbele ya waumini siku ya harusi. Nikaambiwa nitie sahihi ya kwanza, mimi ndiye niliyedhulumiwa.

Niliitazama ile barua. Walikuwa wameandika habari ya uongo, mistari na mistari. Habari ya benchi la tatu hawakuandika. Habari ya shela hawakuandika. Yaani angehamishwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya likabaki pale pale likimngoja mchungaji mwingine. Nikamwambia mwenyekiti anisubiri kidogo, nafika mahali mara moja. Nikaenda kwa Mchungaji.

Nilimkuta nyuma ya ofisi amekunja suruali, anapalilia mboga zake za chinsaga. Nikasema kabla hajanisalimia, "Mchungaji, Jumamosi nilisema uongo."

"Najua, Mama Kwamboka. Nilikuwepo."

Nilitaka kucheka nikaogopa. Akanyoosha mgongo. "Mke wangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Ananiwekea chakula kama mfungwa, anatoka."

"Mbona hukuileta ile fomu?"

"Ningekuaibisha mbele ya mtoto wako, siku ya harusi yake."

Hapo, Kwamboka, nikamkazia macho. "Na kule nyuma uliponiketisha, uliona siaibiki?"

Akainama akang'oa gugu, kisha lingine. Akasema, "Hukuwahi kuniambia. Miaka kumi na miwili, hata mara moja. Ulikuwa unaniuliza tu huyu ana shela ama hana."

Lile la shela nilistahili, nikalimeza. La kwanza nilimrudishia. Nikamwambia mtu akikukanyaga hangoji umwandikie barua ndipo aondoe mguu. Nikamwambia sheria yake ni mbaya, nimeitumikia nami nikawa mbaya, na kuanzia leo atakayekuja kwangu akitaka shela nitamshonea, awe na mtoto mmoja au sita. Maneno yalitoka yote, na hakuna aliyeniambia niyaseme.

"Ni sheria ya kanisa," akasema, "si yangu."

"Basi nitaliambia kanisa."

Usidhani alibadilika. Hakuniomba radhi wala mimi sikumngoja aniombe. Alichuma fungu la chinsaga akanipa kwa mikono miwili. Zile mlizokula Jumatatu jioni mkazisifu kwamba hazina uchungu, ni zake. Nilirudi dukani nikamwambia mwenyekiti kwamba sitii sahihi, na kwamba Jumatano ijayo kwenye mkutano wa akina mama nitasimama niseme. Akakasirika akaondoka bila kwaheri. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa naimba, hata mwenye kibanda cha ndizi akaniuliza nimekunywa nini.

Jumanne ulipodhani nimeenda Kisii kununua nyuzi, nilikwenda Suneka. Bosibori anafundisha huko siku hizi. Nilimngoja langoni mpaka saa ya chakula, nikajitambulisha, nikamwambia nilichokuja kusema, kwamba lile neno lilikuwa baya na nililijua ni baya nilipokuwa nalisema. Akasema, "Sura yako nilikuwa nimeisahau, Mama. Neno sikulisahau." Kisha akacheka, ananiambia kwamba jioni ile ya kubarikiwa ndoa yao, mume wake alishusha pazia la dirisha la chumbani, jeupe, akamfunika nalo kichwani, akampiga picha kwa simu. Wanayo mpaka leo, na yule msichana wao anaipenda kuliko zile za kanisani.

Hakusema amenisamehe. Alinisindikiza barabarani, akanitafutia gari, akanifungia mlango. Nilirudi nimekaa dirishani nikihisi mwili mwepesi, kama mtu aliyeshusha kuni.

Sasa wewe. Umeona nilivyofanya? Nimekwenda kwa Mchungaji, nimekwenda Suneka, nimemkataa mwenyekiti, wewe nimekuacha mwisho. Hao wengine wakinikasirikia nitalala. Wewe ukinikasirikia sijui. Lakini Jumatano ijayo nitasema mbele ya akina mama wote, na simu itafika Lodwar kabla ya mkutano kufungwa kwa maombi, unawajua. Siwezi kukubali ulisikie kwa mtu mwingine.

Unaingia kwenye nyumba yako na mwanamume mzuri. Nimemtazama miaka miwili, hana maneno mengi, akikosea anasema amekosea na kuendelea kula. Shika hapo. Mimi sina la kukufundisha kuhusu ndoa, sikuipata, na kwa mara ya kwanza naliandika hilo bila kuona haya. Ninachokijua ni kidogo. Ukisema sawa huku moyo unasema hapana, hiyo sawa haifi. Inakaa ndani inangoja, na siku itakapotoka itamwangukia mtu asiye na hatia. Yangu ilimwangukia Bosibori. Ikakuangukia wewe mlangoni pale, ukasimama mbele ya kanisa zima kumtetea mama ambaye alikuwa ameshajiuza kwa kalamu ya kuazima.

Na yule msichana aliyesimama pale akakataa kuingia, sijui alitoka wapi. Kwangu hakujifunza. Nilikulea kwa angalau, wewe ukakua ukitaka kitu kizima. Nikikufikiria hivyo moyo wangu unatulia kabisa. Lodwar iwe na joto lake, wakwe wawe na maneno yao, mimi sina wasiwasi na wewe. Tangu Jumamosi nimelala usingizi wote isipokuwa kwa ajili ya hili moja.

Nilipanga barua hii niitie chini kabisa kwenye boksi la mashuka, uikute ukiwa umeshafika, mimi huku nisiuone uso wako ukisoma. Nimefika ukurasa huu ndipo nimejiona. Hapana, mwanangu, hilo nalo ni kujificha. Mvua imekatika, binamu zako nimewasikia wakitoka kwenda dukani, uko peke yako. Nafungua mlango. Nitakuita kwa jina lako, uketi hapa kitandani kwangu, nami niketi mkabala nawe mpaka umalize.

Ukimaliza usiikunje karatasi kwanza. Ninyanyulie macho, uniulize tena lile swali, nikujibu kwa mdomo wangu.

Mama yako,
Moraa